Binti Amenyamaza Darasani

SWALI: Binti yangu alikuwa wa pili darasa la saba. Sasa yuko kidato cha kwanza, hanyooshi mkono, na anasema, "Mimi sina akili." Nifanyeje?
Mama, Morogoro

JIBU: Pole, mama. Akili hazijapotea, lugha ndiyo imebadilika. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Mtoto aliyezoea kujibu anakosa maneno, anachekwa matamshi, kisha ananyamaza. Na kwa kuwa msichana husifiwa kwa utulivu, kimya chake hakimshtui mtu, mpaka yeye mwenyewe anaamini ndivyo alivyo.

Kila jioni, kwa dakika 20, akueleze somo moja kwa Kiswahili, hata kama Biolojia huijui. Akieleza vizuri, mwambie wazi: umeelewa, yamebaki maneno tu. Kisha aandike maneno 5 mapya ya Kiingereza ya somo hilo, kila moja kwenye sentensi, ayasome kwa sauti. Usimpe 30, hayakai kichwani, na atachoka kabla ya Ijumaa. Mwombe mwalimu wa darasa ampe swali moja siku moja kabla, ajiandae kulijibu mbele ya wenzake. Na tafadhali, msimlinganishe na ndugu zake.