Mbwa anayetafuna mlango ukimwacha peke yake

Pole sana, dada. Umesema mbwa wako anabweka na kutafuna mlango kila ukienda kazini, na jirani amekushauri umpe vidonge vya usingizi vya binadamu. Tafadhali usimpe. Kipimo chetu kinaweza kumuua, na hata akilala, hofu yenyewe haijaondoka.

Wangu alikuwa hivyo hivyo, alikwangua mlango hadi kucha zikatoka damu. Daktari wa mifugo alimpima kwanza, maana maumivu nayo hubadili tabia, kisha akamwandikia fluoksetini, dawa ya kupunguza hofu. Nyingine inayotumika kwa tatizo hili ni klomipramini. Hizi si dawa za leo kwa leo: hutolewa kila siku, na mara nyingi nafuu huonekana baada ya wiki 4 hadi 6. Wangu alisusa chakula siku za mwanzo, nikakaribia kukata tamaa.

Mtajie daktari kila dawa anayotumia mbwa, hasa ile ya kumwogeshea kuua kupe. Yenye kemikali ya amitrazi haichanganywi na fluoksetini wala klomipramini, ni hatari kweli. Wala usizikatishe ghafla dawa hizi mbili za hofu, hupunguzwa taratibu.

Dawa bila mazoezi, mimi naona ni kazi bure. Toka nje dakika 1, rudi kabla hajaanza kubweka, kisha ongeza kidogo kidogo. Usimchape ukikuta mlango umetafunwa, utamzidishia woga.

Akitetemeka sana, akitapika mfululizo au akipata degedege baada ya kumeza dawa, mpeleke kliniki ya mifugo saa hiyo hiyo.