Gleizi ya magamba kwa sprei: haraka yangu ilinila stendi za taa 19

Juzi usiku dada mmoja wa Kisauni kanitumia picha tatu za vesi zake, gleizi yote (ule uji tunaopaka vyombo vya udongo, ukichomwa wawa kama kioo) imebanduka imeangukia kwenye shelfu ya tanuri na kugandia pale pale, aniuliza "dadangu nimekosea wapi?" Wallahi moyo ulinipiga, manake hizo picha ni mimi mwaka jana, mimi kabisa. Nikamjibu kwa voisi noti ya dakika tisa halafu nikaona niandike na nyinyi mpate, najua mko wengi mnataka kutoka kwa vikombe vya kawaida muingie kwa kazi za hoteli.

Mwaka jana nlipata oda ya hoteli moja kule Diani, stendi za taa 24, wataka ule muundo wa magamba, yaani kama matope ya bwawa lililokauka likapasuka, nyeupe juu ya udongo mweusi. Hiyo yatokana na magnesiamu kaboneti, unga mweupe, ukiitia nyingi kwenye gleizi: ikikauka yajikunja na kupasuka, kwenye moto ikiyeyuka kila kipande chajivuta kivyake na udongo waonekana katikati. Kwa brashi haiwezekani vizuri, tabaka la juu lavuta la chini, na kuchovya stendi kubwa kama zile utahitaji pipa zima la gleizi. Kwa hivyo sprei.

Kompresa ya hewa na bunduki ya kupulizia niliazima kwa mzee mmoja apuliza rangi magari Changamwe, mtu mwema sana, ila tundu la bunduki yake lilikuwa dogo la rangi, gleizi ikawa yaziba kila dakika. Nikaongeza maji ipite. Hapo ndipo nlipoharibu. Gleizi ya maji mengi yalowesha udongo, na mimi sikungoja, nikapiga tabaka la pili la kwanza bado lang'aa, la tatu, la nne, nilikuwa na siku tatu tu. Tena ilikuwa Mei, mvua ya masika, na hewa yetu hii ya Mombasa mwaijua, kompresa yaivuta na unyevu wake wote, maji yajaa ndani ya tangi halafu bunduki yatema matone. Kila tone lilifanya lengelenge. Kuzibeba kupeleka tanurini vipande vikawa vyaanguka kama chokaa ya ukuta mkuukuu, na bado nikazichoma.

Zilizopona ni tano. Meneja wa ile hoteli hakunipigia hata simu, alituma meseji mstari mmoja, na deposti akaitaka siku hiyo hiyo. Sijasahau.

Basi sikizeni. Kila asubuhi fungua koki ya chini ya tangi maji yatoke, na ufunge kichujio cha maji kwenye paipu. Gleizi ichuje kwa chekeche la 80 (matundu 80 kwa inchi), tundu la bunduki liwe milimita 2 hivi, upate kupuliza nzito bila kuongeza maji. Udongo uwe umechomwa mara ya kwanza kama digrii 1,000 na ufutwe vumbi, usiushike kwa mkono wenye mafuta, mafuta yafukuza gleizi. Weka kwenye kisahani cha kuzunguka, simama mbali kama urefu wa rula, puliza huku wazungusha, ukiona mng'ao wa maji acha, ngoja upotee ndo urudi. Ngoja! Nasema tena ngoja, hata kama mwenye oda apiga simu. Kabla ya kuchoma chukua pini ukwaruze mahali pa kujificha uone unene, magamba yangu yataka karibu milimita moja na nusu, chini ya hapo yatoka laini tu.

Na maski jamani. Vumbi la gleizi lina silika, madini yale ya mchanga, likiingia kwenye mapafu halitoki, ile maski ya kitambaa tuliyovaa wakati wa korona haisaidii, nunua yenye filta na upulizie kwenye kiboksi chenye feni ya kutoa nje. Vijana mwajifanya hamuumwi na kifua, mtakuja kuumwa.

Wanaotaka mashimo mashimo kama jiwe la volkano, hiyo ni silikoni kabaidi, ule unga mgumu wa mawe ya kusagia, asilimia 1 hadi 3 yatosha, yatoa gesi gleizi ikiwa imeyeyuka. Angalieni bakuli za Lucie Rie, yule mama wa Vienna aliyefanyia kazi London, ingawa yeye alipaka kwa brashi. Na zote hizi ni za nje ya chombo tu, ndani panapotiwa chakula weka gleizi laini.

Mwezi uliopita nimepeleka stendi 18 kwa mteja mwengine Nyali, nimepiga matabaka sita kwa siku mbili, moto wa digrii 1,220, zote 18 zimetoka na hakuna gamba lililoanguka. Nilikaa chini mbele ya tanuri nikalia.

Dadangu wa Kisauni, hiyo shelfu usiitupe. Ile gleizi iliyogandia kwenye shelfu itoe kwa patasi na jiwe la kusagia, vaa miwani kwanza manake vipande vyake vyakata kama chupa, na shelfu upake upya ile dawa yake nyeupe ya kuzuia gleizi isigandie kabla hujaichoma tena.