Masuali ya Wasomaji: Matembezi ya Watoto Wakati wa Vuli

SUALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 5, 9 na 13, na tunakaa Wete, kisiwani Pemba. Likizo iliyopita nilikodi gari, tukaenda mnara wa Kigomasha, msitu wa Ngezi na magofu ya Pujini kwa siku moja. Mdogo alilala tangu saa sita, na mkubwa hakumbuki ila soda. Likizo ya Disemba inakaribia na mvua za vuli zimeshaanza. Nipange vipi matembezi yenye raha na elimu bila ya kumaliza mshahara?

JAWABU: Waalaykum salaam, mama. Kutoka Kigomasha hadi Pujini karibu mmekikata kisiwa chote, kwa hivyo aliyelala saa sita ndiye aliyewashinda nyote kwa akili. Siku moja ipe mahali pamoja tu, na ikiwa mahali penyewe ni pwani, usiichague kwa kalenda ya ukutani bali kwa mwezi na maji.

Watoto wetu huzijua tarehe za mwezi mwandamo kwa ajili ya Ramadhani na sikukuu, lakini wachache wanajua kuwa tarehe hizo hizo ndizo zinazoendesha bahari. Mwezi unapoandama na unapotimia, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na katika pwani zetu hupwa kiasi cha saa nne za asubuhi, yakajaa kiasi cha saa kumi za alasiri. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, na bahari haiendi mbali. Mpe huyo mkubwa kazi ya kuitafuta siku ya bamvua wiki mbili kabla; akikosea mtaikuta bahari imejaa, na hapo hatahitaji kufundishwa mara ya pili. Muwe ufukweni saa tatu, maji yakiwa bado yanatoka. Mtawakuta kina mama kwenye mwani. Ombeni ruhusa kabla ya kuwakaribia, na msikanyage kamba zao. Watoto watazame viti vya pweza (wale wenye umbo la nyota), kaa na majongoo ya pwani, na kila jiwe watakalolipindua walirudishe lilivyokuwa, kwa sababu viumbe waishio chini yake hufa kwa jua. Viatu ni lazima kwa wote. Maji yakianza kurudi, nanyi rudini hapo hapo bila ya kungoja kuyaona miguuni, kwani hujaa kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yenu, na mtoto wa miaka 5 hawezi kuivuka.

Siku ya pili nendeni Kidike, kati ya Wete na Chake Chake, mkawatazame popo wa Pemba, ambao duniani kote hawapatikani ila kisiwani kwetu. Mbawa zao zikitandazwa huwa kiasi cha mita moja na nusu au zaidi, na rangi yao ni ya kahawia iliyoiva, jambo linalowashangaza watoto waliozoea vijipopo vyeusi vya darini. Katika miaka ya 1980 walikuwa wamebaki mamia tu, kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu, na leo wanahesabika kwa maelfu kwa sababu wanakijiji walikubali kuwalinda. Fikeni alasiri, wanapoanza kuchangamka, na msipige kelele ili waruke. Mzazi anayewatupia mawe popo apate picha hana haja ya kuzungumza na mwanawe juu ya adabu.

Ngezi rudini mwaka mwengine, mkiwa na asubuhi nzima.

Siku ya tatu haina nauli kubwa wala kiingilio, ikiwa mna bibi au jamaa mwenye mikarafuu na mwaka huu imezaa. Kupanda mkarafuu si kazi ya mtoto. Matawi yake hukatika ghafla, na ninasema hivi nikijua kuwa wengi wetu tulipanda. Kazi yao iwe chini: kuchambua karafuu na makonyo (vikonyo vyake), kisha kuanika juu ya jamvi. Huyo wa miaka 9 apime kilo tatu za karafuu mbichi, aziweke mbali na nyengine, na azipime tena zikishakauka; atapata kiasi cha kilo moja, na swali la wapi zimekwenda zile mbili litamshughulisha kuliko hesabu yoyote ya daftarini. Mdogo awe mlinzi wa mawingu. Akipiga ukelele kuwa mvua inakuja, kila mmoja ashike pembe yake ya jamvi na kukimbilia barazani, na bibi akiwapo, yeye ndiye atoe amri.