Ngozi ya pampu ya jiko la mafuta ya taa: namna ya kuitengeneza nyumbani

Ndugu, umeeleza kwamba jiko lako la pampu, lile la tangi la shaba uliloachiwa na bibi yako, halijai upepo tena hata ukilipampu kwa muda mrefu, na kwamba umeshauriwa ukate duara kwenye tyubu ya baiskeli ulipachike mahali pa ile ngozi iliyochakaa. Nakuomba usifanye hivyo. Raba ya tyubu hunywa mafuta ya taa na kuvimba, na ikishavimba hukwama ndani ya bomba la pampu au humeguka vipande vinavyoweza kuziba valvu. Kinachotakiwa pale ni ngozi halisi, nayo unaweza kuitengeneza mwenyewe. Jiko la nyumbani kwetu linapika hadi leo kwa ngozi niliyoikata kwenye mkanda wa suruali.

Kabla hujakata chochote, hakikisha kwamba ubovu uko kwenye ngozi kweli. Mpini wa pampu ukishuka kwa wepesi, bila kuukinza mkono wako, basi ngozi imekauka au imechanika. Lakini ukiona mpini unapanda wenyewe baada ya kuusukuma, ujue upepo unarudi kutoka kwenye tangi kwa sababu valvu ndogo iliyo chini kabisa ya bomba haifungi sawasawa, na hapo hata ngozi mpya haitakusaidia. Ngozi iliyokauka tu, ambayo haijachanika, usiitupe. Iloweke kwenye oili usiku kucha, itanue ukingo wake taratibu kwa kidole, uirudishe. Nasikitika sana kuona ngozi nzima za kiwandani zikitupwa kwa kukosa matone machache ya oili, kwa sababu hizo zimefinyangwa vizuri kuliko zozote tutakazotengeneza sisi.

Ikiwa imechanika, tafuta ngozi yenye unene wa milimita 2 hivi. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani kwamba kila ngozi inafaa. Ngozi bandia haifai hata kidogo: choma kipande chake, kikiyeyuka kama plastiki kiache, kwani ngozi halisi hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Halafu tazama pale ilipokatwa. Ngozi iliyotiwa dawa ya kromu, kama ilivyo sehemu ya juu ya viatu vingi, mara nyingi huonyesha rangi ya kijivu au ya samawati kwa ndani, nayo haishiki umbo vizuri hata ukiilowesha. Unayoitaka ni ile iliyolainishwa kwa magome ya miti, ambayo ni ya kahawia hadi ndani. Mikanda mizito ya zamani na mabaki ya soli kwa fundi viatu ndiyo mahali pa kuitafuta.

Duara utakalolikata lazima liwe pana kuliko tundu la bomba, kwa kuwa ukingo wake utakunjwa kuwa kikombe. Kwa bomba lenye upana wa milimita 18, kwa mfano, duara la milimita 28 linatosha. Toboa katikati tundu dogo la skrubu, kisha uiloweke ngozi kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ilainike, wala usitumie maji yanayochemka kwa sababu yataifanya ijikunyate na kuwa ngumu. Toboa kipande cha ubao tundu lenye upana uleule wa bomba, sukumizia ngozi humo kwa kijiti cha mviringo chenye wembamba wa kuacha nafasi ya unene wa ngozi pande zote, na uiache humohumo ikauke kivulini. Usiharakishe kwa kuianika juani. Ikishakauka, punguza ukingo kwa wembe uwe sawa kuzunguka, halafu ishibishe oili nyepesi ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda na kunata baada ya muda, kwa hiyo yaache jikoni.

Unapoifunga, mdomo wa kikombe utazame chini, upande wa tangi. Ukisukuma mpini, upepo hujaa ndani ya kikombe na kuubana ukingo wake kwenye ukuta wa bomba. Ukivuta, ukingo hulegea na hewa mpya hupita pembeni. Ukiifunga kinyume, pampu haitasukuma kitu. Majiko ya aina hii yalianza kwa Frans Wilhelm Lindqvist huko Uswidi mwaka 1892, na pampu za karabai hutumia ngozi ya namna hiyohiyo, kwa hiyo ukimwona fundi wa karabai amebakiwa na ngozi ya kipimo chako, inunue bila wasiwasi.

Mwisho umeuliza kama na kifuniko cha tangi unaweza kukitengeneza. Washa yake, yaani ile pete ya raba inayoziba mwanya wa kifuniko, ndiyo, ilimradi uikate kwenye raba isiyoliwa na mafuta, kama ile ya mifumo ya mafuta ya magari. Lakini kama kifuniko hicho kina valvu ya usalama, ile yenye springi ndogo ya kutoa presha inapozidi, usiiguse wala usiizibe kwa gundi au risasi, kwa sababu springi hiyo imepimwa ifunguke kwa presha maalumu ambayo huwezi kuikadiria kwa mkono. Ikiwa inavuja, tafuta kifuniko kizima kutoka kwenye jiko jingine la aina hiyohiyo, na mpaka ukipate usiliwashe jiko hilo.