Mteja ameteleza dukani: mkadiriaji wa bima anatafuta nini?

Umeuliza mkadiriaji wa bima, yaani mtu anayechunguza madai kwa niaba ya kampuni ya bima, atachunguza nini baada ya mteja kuteleza dukani kwako. Kwanza ataisoma hati yako ya bima aone kama tukio limo ndani ya muda wake na halimo kwenye yale yasiyolipwa. Hilo huisha haraka. Kazi kubwa ni kujua kama kulikuwa na uzembe upande wako. Hataishia kuuliza kama sakafu ilikuwa na maji. Atataka kujua yalikaa hapo muda gani. Maji yaliyomwagika dakika 2 kabla ni jambo moja, dimbwi la saa nzima huku wafanyakazi wakilipita ni jambo jingine kabisa, maana hapo ulipaswa kujua. Ndiyo sababu ataomba video za kamera, daftari la usafi lenye saa na sahihi, maelezo ya mashahidi, hata viatu alivyovaa mteja. Majeraha atayalinganisha na rekodi za hospitali, mara nyingi na za kabla ya ajali pia.

Tafadhali nakili hiyo video leo hii, kamera nyingi hufuta za zamani zenyewe. Na usimwahidi mteja malipo kabla ya kuongea na bima. Hati nyingi zinakataza kukiri kosa bila idhini yao. Kumpa pole na kumsaidia, hilo fanya.