Bulangeti ya mistari kwa nyuzi za kuokoteza, makosa yangu chukueni bure

Tangu niweke picha ya ile bulangeti yangu kwenye status watu wananiuliza rangi nilizipangaje, rangi nilizipangaje. Jamani, rangi ndiyo kazi ndogo. Ngoja niwaambie kwanza ile bulangeti ya kabla yake, yenye hamkuiona kwenye status na hamtaiona.

Hapa Bukavu, Kongo, kando ya Ziwa Kivu, tuko juu, mita kama 1,500 hivi, na mwezi wa saba mbingu ikiwa kavu usiku baridi inatoka ziwani inaingia mpaka kwenye mifupa. Njo nikasema badala ya kununua bulangeti nitafuma, niko na mafuko mawili ya nyuzi chini ya kitanda. Nikachukua kila kitu: sweta ya kijani ya chaguwa (mtumba) niliyoifumua, peloti (madonge ya uzi) za akriliki, ile ya plastiki, pamba ile tunafumia vitambaa vya makochi, na uzi mwembamba wa pinki uliobaki kwenye soksi za mtoto wa dada. Nikaangalia rangi tu. Ilipotandikwa ilipendeza sana, jirani alileta wageni wake waione. Halafu ikafuliwa. Mdogo wangu alikuwa na haraka, akaweka maji moto kwenye beseni, akasugua kama anasugua jinzi, akakamua. Ile kijani kumbe ilikuwa sufu ya kondoo kweli kweli, ikajikaza ikawa ngumu kama kofia ya mzee, pamba ikalegea ikashuka chini, akriliki ikabaki vile vile inashangaa. Pembeni ya bulangeti ikawa inaingia inatoka, inaingia inatoka, ungesema ni ramani ya Bukavu na peninsula zake tano. Mama akaikata, leo ni ya kukanyagia pale mlangoni.

Kwa hiyo kabla ya rangi, ujue uzi wako ni wa nini. Peloti yenye karatasi yake haina shida, unasoma. Ila ya kuokoteza haina karatasi, hapo tumia kiberiti. Kata kipande kama kidole, kishike na kibanio, uwe karibu na sinki au kopo la maji, uwashe. Sufu inawaka kwa shida, inanuka nywele zimeungua, moto ukitoka inazima yenyewe, na majivu ukiyagusa yanasagika. Pamba inawaka haraka inanuka karatasi, inaacha majivu mepesi ya kijivu. Akriliki inayeyuka, inatoa moshi mweusi na mwisho inaacha kitone kigumu cheusi, usikiguse kingali moto juu kinashika kwenye ngozi (niko na alama). Kuna nyuzi za kuchanganya pia, nusu sufu nusu akriliki, hizo zitakupa harufu ya nywele na kitone pamoja.

Ukishajua, tenga mafuko. Mimi sasa hivi bulangeti ya kila siku nafuma akriliki na zile za mchanganyiko zenye sufu kidogo, basi. Sufu tupu naiweka fuko lake, siku itakuwa bulangeti ya sufu peke yake ya kufuliwa kwa maji baridi na mikono yangu mwenyewe. Pamba ibaki kwenye vitambaa vya makochi, ni nzito na ikivutwa hairudi, ikishika maji inavuta bulangeti nzima chini. Najua kuna mafundi wanachanganya vyote na inatoka vizuri, lakini hao hawaishi na mdogo wangu.

Nyuzi zenyewe natoa wapi? Kadutu, sokoni hapa Bukavu, kwenye sweta za chaguwa. Kule mpya peloti zinapatikana pia ila bulangeti moja itakumaliza pochi. Sweta kubwa ya mwanaume inakupa uzi mwingi kwa bei ndogo, kama unajua kuchagua. Igeuze ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona umeshonwa na mashine ya surje, ule mshono wa nyuzi nyingi unaokula ukingo, iache: kitambaa kilikatwa na mkasi, ukikifumua utapata vipande vifupi vifupi, kila safu kipande chake, utalia. Unayotaka ni ile yenye ukingo mzima, vipande vimefumwa kwa umbo lake halafu vikaunganishwa na uzi mmoja unaoonekana kama mnyororo. Huo mnyororo ukate jicho moja (kitanzi kimoja cha uzi) uvute, sweta inafunguka kama zipu. Baada ya hapo anzia juu, pale ilipomalizikia. Ikikataa kuvutika, geuza, uko upande wa chini.

Uzi uliofumuliwa unatoka umejikunja kama tambi. Usiufume hivyo. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti uwe duara, ufunge sehemu nne na kauzi kengine, uloweshe maji ya uvuguvugu nusu saa, utundike na chupa ndogo ya maji inaning'inia chini. Kesho yake umenyooka. Mara ya kwanza niliruka hii hatua juu niliona ni ushamba, nikapima macho kwenye uzi uliojikunja, na ulipofuliwa ukanyooka, vipimo vyote vikaenda zao.

Sasa unene, hapa njo niko na maneno mengi. Bulangeti ya nyuzi mchanganyiko inaharibika juu ya unene kuliko kitu kingine chote. Nyekundu kando ya zambarau, macho yatazoea. Uzi mwembamba kando ya mnene hauzoeleki, ule mstari mwembamba unakuwa mfupi, unabana kama mshipi, na bulangeti inapata kiuno. Dawa ni kuunganisha: nyembamba mbili zinafumwa pamoja kama uzi mmoja, nyembamba sana tatu. Naweka uzi wangu mmoja kuwa mfalme, wengine wote wanalinganishwa naye. Unaukunja mfalme, unaupitisha ndani ya ule uzi mwingine uliokunjwa, vinakamatana kama minyororo miwili, halafu unapitisha vidole toka upande mmoja kwenda mwingine ukiwa umefumba macho. Vidole vikihisi kipandio, hazilingani. Na uzuri wa kuunganisha ni kwamba unaweza kuchanganya rangi mbili humo humo, bluu na kijivu inatoa kitu kama ziwa asubuhi kabla jua halijatoka, hakuna peloti ya dukani itakupa hiyo.

Halafu fuma kipande cha kujaribia kwa kila kikundi cha nyuzi. Najua hakuna mtu anapenda, hata mimi sipendi. Kwa sindano za milimita 6 mimi napata macho 14 kwenye sentimita 10. Nilitaka upana wa sentimita 110, kwa hiyo 11 mara 14, macho 154. Nacheka hapa juu nakumbuka tantini (shangazi) aliyenifundisha, alikuwa anatumia Kifaransa cha masista, maille, yaani jicho, kwake ilikuwa "mayi", na mayi huku kwetu ni maji. Siku ya kwanza akaniambia "weka mayi makumi tatu", mimi nikainuka nikaenda kuleta bidoni.

Fumo (mtindo wa kufuma) nalotumia ni lile rahisi kuliko yote, jicho la kawaida mbele na jicho la kawaida nyuma, safu zote, ile inatoa vijituta pande mbili. Usinidharau. Lile fumo laini la sweta linajikunja pembeni, na bulangeti inayojikunja pembeni usiku haikufuniki, inakuzungukia tu. Lile la vijituta linalala chini limetulia, na linasamehe kidogo nyuzi zinazotofautiana. Ila linakula uzi, ujue. Bulangeti yangu ya 110 kwa 140 ilitoka na safu 392 na uzito wa gramu 950 hivi, na safu moja ilinichukua dakika saba, nane, piga hesabu mwenyewe, ni karibu saa 50 za kukaa chini.

Mizani ya keki njo rafiki yako. Pima peloti, fuma safu mbili, pima tena. Kwangu safu mbili zilikula gramu 5. Basi kapeloti ka gramu 20 najua katanipa safu nane, lakini napanga sita, juu kukatikiwa na uzi katikati ya safu ukiwa umebakiza macho 30 kunauma kuliko jino. Na usifume bluu nyeusi au nyeusi usiku umeme ukikatika, eti kwa mshumaa au tochi ya simu. Nilifanya, asubuhi nikakuta nimedondosha jicho safu 14 chini. Usiku fuma njano.

Rangi sasa, kwa wale waliokuwa wananisubiri hapa. Nilichagua rangi moja ya kurudi rudi, kwangu bluu ya giza kwa sababu nilikuwa nayo nyingi, na kati ya kila mistari miwili mitatu bluu inapita safu mbili. Hiyo njo inafanya machungwa, pinki na kijani moja ya ajabu vionekane ni ndugu. Upana wa mistari nilipiga dadu, namba iliyotoka naizidisha mara mbili, safu 2 mpaka 12, daima namba shufwa. Shufwa ni lazima: uzi mpya uanzie upande ule ule kila mara, kwenye fumo hili upande mmoja rangi zinakutana kwa mstari safi na upande wa pili zinatoa vidoti vidoti. Ukianzia huku na huku, vidoti vinatokea pande zote na inaonekana umekosea, na kweli umekosea. Kabla ya kufuma zungusha nyuzi kwenye kipande cha katoni kwa mpangilio unaotaka, piga picha na simu, ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Yote ikitoka kijivu kimoja, mistari haitaonekana ukiwa mbali hata kama rangi ni kumi, ongeza nyeupe au ya giza.

Nyekundu jaribu kwanza. Lowesha kipande, kifunge ndani ya kitambaa cheupe, ulale juu yake. Wataalamu wa kartie (mtaa) wataniambia siki na chumvi. Nililoweka nyekundu moja kwenye siki na chumvi siku nzima na bado ilinitoa damu kwenye nyeupe. Ikitoa rangi, mimi naiacha.

Mikia ya nyuzi ni adhabu, mistari 40 ni mikia 80. Acha kila mkia sentimita 15, usifunge fundo ukate, fundo linafunguka na mguu wa mtoto utapita pale pale. Uingize na sindano butu kwenda na kurudi ndani ya rangi yake. Mimi naingiza kila nikimaliza mistari mitano nikisikiliza redio. Rafiki yangu mmoja alisema ataingiza yote mwishoni, hiyo bulangeti iko kwake ndani ya fuko mwaka wa pili huu, ina ndevu.

Ukiwa huna sindano ndefu zenye kamba katikati, macho 154 hayataenea na mabega yatauma, fuma vipande vitatu vya macho 52 uunganishe. Ila andika safu za kila mstari kwenye daftari, siyo kichwani, la sivyo mistari haitakutana kwenye mshono.

Kufua: maji baridi au ya uvuguvugu, bonyeza usisugue, kamua ndani ya taulo. Usiitundike kwenye kamba ikiwa na maji, itarefuka. Na usiitandaze juu ya bati. Nimesema bati juu huku kwetu kila mtu anaanika kwenye bati la jikoni, na kutu haitoki. Tandaza kwenye mkeka, geuza mchana.

Yangu imeshavuka ziwa mara mbili, bwato (meli) ya usiku kwenda Goma upepo ukiwa unapita kwenye kila tundu. Mara ya pili mama mmoja tuliyekaa naye akaomba pembe moja amfunikie mtoto, alfajiri nikakuta amegeuza ule upande wa vidoti juu, anaupitisha kidole, anahesabu. Akaniuliza, "Hii njano ni sweta?" Nikamwambia ndiyo. Akasema alijua, mume wake alikuwa na ya hivyo.