Swali la Lugha: "Msimamo mkali" ni sifa au tusi?

Msomaji wetu anayeishi Columbus, Ohio, Marekani, ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Mama yangu amekuja kunitembelea kutoka Tanga. Jioni tunaangalia habari za siasa za huku, nami ndiye mkalimani wake. Juzi mwanasiasa mmoja alimwita mwenzake 'extremist'. Nikamwambia mama, anasema yule ana msimamo mkali. Mama akaniuliza, 'Sasa mwanangu, mtu kuwa na msimamo si ndiyo vizuri? Anamsifu au anamtukana?' Nikakwama. Neno sahihi ni lipi? Na hawa wanaorushiana maneno kutwa, niseme wanatuhumiana, wanashutumiana au wanasingiziana?"

Marahaba. Mama yako ana sikio zuri kuliko watangazaji wengi. Kwetu mtu asiye na msimamo ndiye anayechekwa, ni bendera hufuata upepo. Ukisema fulani ana msimamo, umemsifu. Na "mkali" nayo haikuokoi: kuna jua kali, pilipili kali, mwalimu mkali, na mtaani mkali ni bingwa, mkali wa mistari, mkali wa mabao. Mwambie kijana wa Temeke kwamba seneta fulani ni mkali, atakuuliza anacheza namba ngapi.

"Msimamo mkali" si kosa, lakini maana yake ni kukataa kulegeza. Chama cha wafanyakazi kikigoma kushusha madai ya mishahara, kimechukua msimamo mkali, na huenda kina haki. Tusi analosikia mama yako kwenye runinga ni jingine. Linasema: huyu ametoka nje ya uwanja ambamo sisi wengine tunabishana. Kwa hilo Kiswahili kina kuchupa mipaka, kupindukia, kupita kiasi. Mimi huchagua kuchupa mipaka, kwa sababu mpaka unatajwa humo humo ndani ya neno.

Tulipime. Julai 1964 chama cha Republican kilikutana katika ukumbi wa Cow Palace, nje kidogo ya San Francisco, kumpitisha Barry Goldwater, seneta wa Arizona, agombee urais. Tuhuma za kuchupa mipaka dhidi ya wafuasi wake zilitoka hata ndani ya chama chake. Gavana wa New York, Nelson Rockefeller, alisimama kutetea azimio la kuyakana makundi kama Ku Klux Klan la wabaguzi wa rangi, Wakomunisti, na John Birch Society la wapinga-ukomunisti waliopindukia, na ukumbi ukamzomea. Siku mbili baadaye Goldwater alipanda jukwaani akalipokea lile tusi kwa mikono miwili. Sentensi yake iweke katika Kiswahili cha redio: "Msimamo mkali katika kutetea uhuru si dhambi." Nani atashtuka? Shehe na padri wote wataitikia amina. Sasa isome hivi: "Kuchupa mipaka katika kutetea uhuru si dhambi." Hapo unaelewa kwa nini wapinzani wake waliishikilia sentensi hiyo wakampiga nayo hadi Novemba, alipoambulia majimbo 6 tu kati ya 50.

Neno hilo, 'extremism' kwa Kiingereza chao, halijapumzika tangu hapo. Tarehe 1 Septemba 2022 Joe Biden, rais wa wakati huo, alilitumia mbele ya Independence Hall, Philadelphia, akisema Donald Trump na wafuasi wake wa MAGA (kaulimbiu yake, "Make America Great Again") wanawakilisha jambo hilo, na kwamba linatishia misingi ya jamhuri. Jaribu kusema "msimamo mkali unatishia jamhuri" uone sentensi inavyochechemea. "Siasa za kuchupa mipaka zinatishia jamhuri" inasimama.

Kuna mbadala mbili utakazokutana nazo. "Itikadi kali" nakushauri uiache. Sarufi yake haina doa, ila kwa miaka mingi imeandamana na habari za Al-Shabaab, na tangu 2023 na zile za makaburi ya Shakahola kule Kilifi. Ukimwambia mama kuwa seneta anayetaka serikali ilipie matibabu ya kila mtu ana itikadi kali, atatazama kama ameficha bunduki. "Siasa kali" ni salama zaidi, ingawa hunichekesha. Kamusi za zamani zinaipa siasa maana ya upole na uangalifu, na wazee wa pwani bado wanasema "mwambie kwa siasa", yaani taratibu, usimshtue. Siasa kali basi ni upole wenye makali! Lugha imeshahama lakini, nawe hama nayo.

Sasa vitenzi. Hapa ndipo mkalimani anapochukua upande bila kujijua.

Anayetuhumu ana shaka na hajathibitisha. Ndiyo maana mtuhumiwa bado si mshtakiwa, na mshtakiwa bado si mkosaji. Anayeshutumu anakemea jambo ambalo kwake limekwisha kutendeka. Unashutumu shambulio, hulituhumu. (Najua magazeti ya Kenya huandika "ashutumiwa kwa ufisadi" pale ambapo Tanzania tungeandika "atuhumiwa". Siwagombezi majirani, ila tofauti hiyo ukiipoteza utaihitaji siku moja.) Anayesingizia anasema uongo, na wewe uliyetumia kitenzi hicho umeshatoa hukumu. Kwa hiyo "wanasingiziana" ina maana kwamba wote wawili ni waongo. Una uhakika?

Chukua kisa cha seneta Joseph McCarthy. Februari 9, 1950, alihutubia Wheeling, West Virginia, na gazeti la mji huo likamnukuu akisema anayo mkononi orodha ya Wakomunisti 205 walioko Wizara ya Mambo ya Nje. Siku iliyofuata idadi yake ikawa 57. Orodha yenyewe hakuionyesha hadharani. Mwandishi wa Kiswahili wa siku ile angeandika "McCarthy awatuhumu watumishi wa wizara", na angekuwa sahihi kabisa; hakuwa na kingine cha kuandika. Baraza la Seneti lilimkemea rasmi Desemba 1954, kwa kura 67 dhidi ya 22. Sisi wa leo, tunaojua jinsi watu walivyopoteza kazi kwa tuhuma zisizo na ushahidi, tunaweza kuandika "aliwasingizia watu" bila kuomba radhi. Kati ya vitenzi hivyo viwili pamepita miaka ya ushahidi.

Habari ya leo jioni haina miaka hiyo. Tumia "kuita". Oktoba 2024 Kamala Harris, mpinzani wa Trump katika uchaguzi wa urais, aliulizwa katika kipindi cha CNN kama anamwona Trump kuwa fashisti, akajibu ndiyo. Trump kwa upande wake alikuwa akimwita "Komredi Kamala". Mwambie mama, "Huyu anamwita yule fashisti, yule anamwita huyu mkomunisti." Ameelewa vyote, na wewe hujasema lolote. Ila usije ukasema "Kamala anadaiwa kuwa mkomunisti". Atakuuliza anadaiwa shilingi ngapi.

Umesikia nimesema mkomunisti. Neno lenye mtego ni lile jirani yake, mjamaa. Majukwaani kwao ni tusi la kila uchaguzi. Kwetu? Mama yako huenda alisoma shule akiimba Azimio la Arusha la 1967, na Katiba ya Tanzania, ibara ya 3, mpaka leo inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi "ya kidemokrasia, ya kijamaa". Ukimwambia kwamba mgombea ametukanwa kwa kuitwa mjamaa, atasubiri uendelee na tusi lenyewe. Katika mazingira hayo sema msoshalisti, neno geni lenye harufu ya ugeni, kisha umweleze kwamba huko linatamkwa kwa kutema mate.

Wanaoyarusha maneno haya kwa ajili ya chama usiwatafutie jina jipya. Tunalo: wakereketwa. Koo likikukereketa huwezi kunyamaza, lazima ukohoe, na mkereketwa wa chama ndivyo alivyo. Vyumba vya habari vinaandika "wafuasi sugu" huku neno hili limekaa bure kwenye mashina ya CCM miaka yote.

Niliache hapo, maana lipo moja lililonikosesha usingizi zaidi ya hayo. Novemba 11, 2023, huko Claremont, New Hampshire, Trump aliahidi kuwang'oa wakomunisti, wamaksi, mafashisti na wahuni wa mrengo wa kushoto ambao, alisema, wanaishi nchini kama... na hapo akatumia neno la Kiingereza, 'vermin', linalokusanya panya, viroboto, kunguni na kila kidudu kinachoharibu nyumba. Sisi hatuna neno moja la kundi hilo. Ukichagua "chawa" umeharibu, kwa sababu Tanzania ya leo chawa ni mtu anayemganda tajiri au kiongozi na kumsifu ili apate mlo. Msikilizaji ataelewa kwamba Trump analalamikia wapambe. Ukichagua "mende" umeharibu kwa namna nyingine. Wasikilizaji wa Kiswahili wako pia Kigali, Bujumbura na Goma, na inyenzi, ambalo ni mende kwa Kinyarwanda, ndilo neno walilotangaziwa Watutsi redioni mwaka 1994 walipokuwa wakiuawa. Kuliweka kinywani mwa mtu ambaye hakulitamka ni kumwongezea mzigo usio wake. Mimi ningesema "kama wadudu waharibifu". Linaonekana limepoa kidogo, lakini ubaya wa kumfananisha binadamu na kitu cha kunyunyiziwa dawa umebaki humo.

La mwisho, ambalo hukuuliza ila nimeliona mwishoni mwa barua yako: umeandika "wanademokrasia wamepinga muswada". Mwanademokrasia ni yeyote anayeamini demokrasia, na wa chama cha Republican nao watakwambia wamo. Andika Wademokrati, au "wabunge wa chama cha Democratic" ukiwa na nafasi. Warepublican hivyo hivyo. Usiwaite wanajamhuri, mama atadhani ni mtaa.